Ndolo na Nyumba Isiyolalwa

Kwa mtu wa Kitengela, nchi ya kigeni iko karibu. Unafuata lami kuelekea kusini, unapita Isinya, unapita Kajiado mjini, unapita Bisil, na kabla chai uliyokunywa asubuhi haijaisha tumboni umefika Namanga, mbele ya dirisha la afisa wa uhamiaji. Upande wa pili wa kizuizi ni Tanzania. Ng'ombe wanavuka bila kuulizwa chochote. Ndolo aliulizwa kila mara, na kila mara alijaza fomu, na penye nafasi ya kutaja kazi akaandika: mmisionari, mchoraji. Kulikuwa na afisa mmoja aliyezoea kumtania.

"Unachora nini? Yesu?"

"Nachora nyumba."

"Kwani huko hawana nyumba?"

Ndolo alikuwa akicheka, anachukua pasi yake na kwenda zake. Aliniambia baadaye kwamba alicheka ili asiulizwe swali la pili.

Alizaliwa Mwala, Ukambani, akasomea uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi, kisha akafanya kazi Nairobi miaka kumi na moja katika ofisi ya wachoraji. Mwaka 1991 alinunua ploti Kitengela, wakati ambapo nyumbu bado walikuwa wakipita katikati ya mawe ya mipaka na mtu akijenga choo majirani walikuja kutazama. Ardhi ilikuwa udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unavimba na jua likiwaka unapasuka kiasi cha kumeza kiatu. Ndolo alichimba msingi mpaka akafika kwenye mwamba, akajaza changarawe, na nyumba yake haina ufa hata leo. Jambo hilo analitaja mara nyingi. Nadhani ni mojawapo ya mambo machache ambayo ana hakika nayo.

Wito wake ulikuja mwaka 1995, katika kanisa la mabati mjini humo humo. Mhubiri alisema kwamba kuna watu watakaotumwa nje na midomo yao na wengine na mikono yao. Ndolo, mtu mkimya asiyeweza hata kufungua mkutano kwa sala bila kutokwa na jasho, aliona kwamba anasemwa yeye. Akaacha kazi Nairobi, akajiunga na misheni moja ndogo iliyokuwa na ofisi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkuu wa ofisi alikuwa Bedan, Mkikuyu mwenye sauti kubwa na moyo wa kufanya mambo haraka. Kazi ya ofisi ilikuwa kuchora makanisa, zahanati na shule za nchi nyingine: Sudan ya kusini, Uganda, Msumbiji. Barua ilikuja ikieleza ukubwa wa kiwanja na idadi ya watu, Ndolo akachora, ramani ikatumwa, na mara nyingine picha ikarudi baada ya mwaka mmoja: jengo, watu wamesimama mbele yake, jua machoni.

Alichorea kwenye karatasi ngumu yenye kung'aa, kwa kalamu ya wino. Ukikosea hakuna kifutio kinachosaidia. Unachukua wembe, unakwangua mstari polepole mpaka wino utoke na karatasi ibaki. Ndolo alijulikana kwa mkono wake wa wembe. Ungeweza kuishika karatasi yake kwenye mwanga wa dirisha usione mahali alipokosea.

Mwaka 1998 misheni ilimtuma kwa mara ya kwanza aende mwenyewe. Ilikuwa kijiji cha Wamaasai, chini ya mlima wa Longido, ng'ambo ya Namanga. Kulikuwa na zahanati, lakini kina mama waliokaribia kujifungua walikuwa wakitoka mbali, wengine mwendo wa siku nzima kwa miguu, na baadhi yao hawakufika kwa wakati. Ilitakiwa nyumba karibu na zahanati, ambamo mwanamke angelala wiki mbili tatu akingojea siku yake.

Ndolo alikaa na wazee siku tatu. Walimkaribisha vizuri, wakachinja mbuzi. Alitandika karatasi chini, akaweka mawe kwenye pembe upepo usiipeperushe, akauliza: vitanda vingapi? Madirisha yawe wapi? Mlango uelekee wapi? Wazee walitazamana, wakajadiliana kwa Kimaa kwa muda mrefu, wengine wakichora mchangani kwa fimbo. Mkalimani alikuwa Mchungaji Elphas, Mluhya aliyetumwa na misheni hiyo hiyo na aliyekuwa na mwaka mmoja wa Kimaa.

"Wanasema ni nzuri," alisema Elphas.

"Nusu saa yote wamesema ni nzuri?"

"Wamerudia rudia."

Basi nyumba ikajengwa. Ukumbi mmoja mrefu, vitanda vinane, madirisha makubwa pande zote mbili ili hewa ipite, jiko la nje la kisasa, na mlango mpana ulioelekea barabarani ili mgonjwa aweze kuingizwa kwa machela. Siku ya kufunguliwa waliimba. Ndolo alirudi Kitengela akiwa na furaha ambayo, kwa maneno yake, hakuwahi kuipata Nairobi kwa miaka yote ile.

Kisha barua za Elphas zikaanza kuja. Ya kwanza ilisema jengo linapendeza sana, ila kina mama bado hawajaanza kulala. Ya pili ilisema ni upepo wa mlimani. Ndolo akachora vifuniko vya mbao vya madirisha, vikatengenezwa. Ya tatu ilisema ni kelele za mabati mvua ikinyesha. Dari ikawekwa. Ya nne ilisema labda ni rangi ya mlango. Mlango ukapakwa rangi nyingine. Ya tano ilisema Elphas na washarika wamefunga na kuomba siku saba, endapo ni jambo la kiroho. Ya sita ilisema mbuzi wameanza kuingia, na kwamba mwanamke mmoja aliyekataa kulala pale alijifungulia njiani alipokuwa akija, na mtoto hakuishi.

Ndolo hakumsomea mkewe barua hiyo. Aliiweka kwenye faili pamoja na zile nyingine, akarudi mezani.

Mapema mwaka 2003 Bedan aliingia ofisini akiwa na bahasha mkononi na uso unaong'aa. Wafadhili wa Ulaya walikuwa wameona picha za ile nyumba ya Longido, wakaipenda, na sasa walitaka tatu zaidi kama hiyo katika vijiji vingine vya upande ule. Ramani ilikuwepo. Kilichotakiwa ni kubadilisha tarehe na kutia sahihi upya kwenye kile kijisanduku cha pembeni chini.

"Ndugu Bedan, ile nyumba haina mtu."

"Itapata."

"Ni miaka mitano."

"Watu wanachukua muda kuzoea. Hata hapa Kitengela wakati ule nani alitaka kuishi? Na sasa ona. Nipe sahihi kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu kutoka leo, mimi nitume."

Ndolo alienda Longido. Alikagua nyumba yake pembe kwa pembe, akakuta ukuta uko wima, dari imekauka, kinyesi cha mbuzi sakafuni. Aliwauliza wazee. Wakasema ni nzuri. Aliwauliza wanawake watatu waliokuwa kisimani, Elphas akitafsiri, nao wakatazamana, wakacheka, wakajitwika maji yao. Alirudi Kitengela akiwa na habari chache kuliko alizoondoka nazo.

Siku nne kabla ya Ijumaa ya Bedan, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua vigingi na uzi wa fundi, akaipima ile nyumba yote kwenye ploti yake mwenyewe, mbele ya mlango wake, kwa vipimo kamili. Magunia yakawa vitanda. Akaanza kutembea ndani yake, akiingia na kutoka mlangoni, akilala kwenye gunia moja kisha jingine.

Mkewe, Kaluki, ambaye alikuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River na siku hiyo alikuwa zamu ya mchana, alisimama kizingitini akiwa na kikombe cha chai.

"Baba Mutindi, sasa unacheza kalongo kama watoto? Majirani wataniuliza nini mimi?"

"Nataka kujua kwa nini hawalali."

"Hata mimi singelala hapo. Kuna mawe."

Hapo ndipo Nolari alipofika na maziwa. Nolari alikuwa mama wa Kimaasai wa boma lililokuwa nyuma ya ploti zile. Ukoo wa mume wake ndio uliokuwa umeuza ardhi hiyo kwa Ndolo na wenzake. Kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa amemletea Kaluki maziwa kila asubuhi. Ndolo alijua Kimaa cha salamu tu, na salamu zile alizijua kutoka kwake.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu mama huyo kwa Kimaa akiwa amelala kwenye gunia.

"Iko," aliitikia. Nolari aliutazama ule uzi. "Unachimba choo?"

"Hapana. Ni nyumba."

"Ya mbuzi?"

"Ya kina mama. Wa kungoja kuzaa. Iko Longido, Tanzania, hii ni ya kupima tu."

"Iko Tanzania na iko hapa." Akamgeukia Kaluki. "Mama Mutindi, huyu alilala vizuri kweli?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimechoka na yeye."

Ndolo aliinuka akajipangusa vumbi. "Ingia, yeyo. Mlango ndio huo."

Nolari hakuingia. Aliuzunguka uzi wote, mkebe wa maziwa mkononi, mpaka akarudi alipoanzia. Akainama mlangoni, akanyoosha kidole kwenye gunia la kwanza.

"Hapo ndio mama analala?"

"Hapo."

"Na mimi niko barabarani, naona miguu yake."

"Kutakuwa na mlango. Unafungwa."

"Ukifungwa, moshi inatoka wapi?"

"Hakuna moshi. Jiko liko nje, pale."

"Nje!" Nolari aliweka mkebe chini. "Mama amezaa leo, anatoka nje kwa upepo kutafuta chai. Na ile mama mzee amekuja na yeye, analala wapi? Kwa jiko? Nani alijenga hii?"

"Mimi nilichora. Mafundi wakajenga."

"Wanaume?"

"Wanaume."

"Na uliuliza nani?"

"Wazee. Nilikaa nao siku tatu."

"Wakasema nini?"

"Wakasema ni nzuri."

Nolari alicheka mpaka akashika kiuno, na Kaluki, bila kujua bado kinachochekwa, akacheka pia. "Sasa wangesema nini? Si nyumba yao. Mzee hana nyumba. Mzee anaingia kwa nyumba ya bibi, akipewa chai anakunywa. Sisi ndio tunajenga. Sisi tunakata miti, sisi tunapaka mavi ya ng'ombe, mvua ikiingia ni sisi tunatukanwa. Wewe ulienda kuuliza mgeni habari ya nyumba!"

Ndolo aliniambia kwamba wakati huo aliyaona tena yale mambo ya siku tatu za Longido kana kwamba mtu ameigeuza picha. Wakati wote alipokuwa amekaa na wazee na karatasi yake, nyuma yao wanawake walikuwa wakipita na mafungu ya fito. Mmoja alikuwa juu ya paa, akiziba kwa mikono. Ndolo alimwita mmoja wao, mara moja tu, akamwomba maji ya kunywa.

Kwao Ukambani mwanamume ndiye anayejenga. Hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linaweza kuwa vingine. Na hawa hawakuwa watu wa mbali. Alikuwa akinywa maziwa yao.

Nolari alikuwa amekwisha kung'oa kigingi cha mlangoni. Aliuvuta uzi, akaupeleka pembeni, akaukunja, akaurudisha ndani. Mlango sasa uliingia kwa ubavu kisha ukapinda, kama mtu anayezunguka nyuma ya ukuta kabla ya kuonekana.

"Hivi. Mtu akikuja anakohoa kwanza, anazunguka, ndio anafika. Mama amejua, amejifunika. Upepo imebaki huko nje. Na moto inakaa hapa."

"Kwa hivyo hiyo ndiyo sababu wanakataa kulala huko?"

Nolari alifikiri. "Sijui. Mimi si wao. Nakuambia tu mimi singelala hapo kwako." Akachukua mkebe wake, kisha akasimama tena. "Hiyo mahali unasema, mama yangu mdogo ameolewa huko. Miaka hii yote nakuona unapita na makaratasi, ulikuwa unaenda kuuliza nini mbali hivyo, na mimi niko hapa?"

Swali hilo halikumtoka. Aliponisimulia habari hii, miaka miwili baadaye, tukiwa tumekaa kwenye ploti ile ile, bado alikuwa akilirudia. Alisema aliamini kwamba mtu ni mmisionari akivuka mpaka. Alipovuka, aliwakuta jirani zake. Basi mpaka ulikuwa wa nini? Na kama alikosea nyumba ya watu wanaomletea maziwa, vipi lile kanisa la Sudan ambalo hakuwahi kulikanyaga? Vipi zahanati ya Msumbiji? Nani alikuwa amesema ni nzuri, na ilikuwa yake kusema? Usiku na mchana wa siku zile nne alizitoa zile picha za zamani, watu wamesimama mbele ya majengo yake, akazitazama nyuso moja moja. Wote walikuwa wamekunja macho. Hakujua kama ni kwa sababu ya jua.

Nimesafiri kidogo katika maisha yangu, na nimewaona wajenzi wa misheni wa rangi nyingi na lugha nyingi. Wengi wao hupata shaka na kuiponya kwa kujenga jengo jingine. Hilo Ndolo pia angeweza kulifanya. Kalamu ilikuwa mezani.

Ijumaa Bedan alikuja nyumbani moja kwa moja, kwa sababu Ndolo hakuonekana ofisini. Uzi ulikuwa bado uwanjani. Bedan aliuruka kwa mguu mmoja, akaingia, akaomba ramani. Ndolo alimpa. Bedan alitazama kijisanduku cha pembeni. Jina la Ndolo la mwaka 1998 halikuwepo. Lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, na safari hii mkono haukuwa mwepesi, kwa maana karatasi ilikuwa imetoboka. Kando ya tundu palikuwa na maneno ya wino: Wenye nyumba bado hawajaulizwa.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo sahihi yangu."

"Ndugu Ndolo, siwezi kuwatumia wafadhili kitu kama hiki. Niwaambie nini? Miaka mitano tumewaambia iko sawa."

"Waambie hatujui."

"Watu hawatoi msaada kwa watu ambao hawajui!"

"Mtoto alikufa njiani, Bedan. Nyumba ilikuwa wazi, ina vitanda vinane. Sitachora nyingine tatu za hivyo."

Bedan aliikunja ramani. Yeye pia alikuwa ameisoma barua ya sita. "Wewe sasa ni mchoraji au ni nani?" aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa.

"Hata hilo sijui," alisema Ndolo.

Bedan aliondoka na ramani bila kuaga. Kwa mwezi mzima hawakuonana ila kanisani, ambako walipeana mikono kama wageni. Kisha ikajulikana kwamba Bedan alikuwa ameituma ile karatasi kama ilivyo, na tundu lake, pamoja na barua ndefu ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Jibu lilikuja: ujenzi wa nyumba zile tatu umeahirishwa. Waanze kwa kuitengeneza ile moja, kisha waandike tena.

Ndolo alishuka Namanga akiwa na uzi, vigingi, na Nolari. Afisa wa dirishani alimtazama yule mama na ushanga wake.

"Na huyu, kazi yake?"

"Mjenzi," alisema Ndolo.

"Sasa wewe ni nani?"

"Nimembebea uzi."

Huko kijijini wanawake walikaa ndani ya ile nyumba tupu wakabishana siku mbili. Nolari na mama yake mdogo walikuwa katikati, na sauti zao zilisikika mpaka zahanati. Ndolo alikaa nje pamoja na wazee na Mchungaji Elphas. Kila alipouliza wanasema nini, Nolari alitoa kichwa dirishani. "Ngoja! Wakimaliza nitakuambia." Elphas naye alisema wanaongea haraka mno. Walipomaliza, uzi ulikuwa umepindwa mahali ambapo hata Nolari hakuwa amepapinda kule Kitengela, na madirisha manne yalitakiwa kuzibwa. Mganga wa zahanati alikataa moshi. Wakapatana juu ya bomba la kuutoa. Ndolo aliandika vipimo. Kuna mambo matatu katika ramani ile ambayo mpaka sasa haelewi yako pale kwa nini, na alipouliza aliambiwa ndivyo inavyokuwa.

Mwaka 2005 nilikwenda naye. Alitaka kupima ukuta mmoja wa ndani ambao alikuwa ameusahau, ili ramani ikamilike. Tulifika saa nne asubuhi. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye bomba. Mlangoni alikuwa amekaa mama mzee akishona ushanga, na Ndolo alimsalimu, akamwonyesha futi yake ya kupimia, akaelekeza ndani.

Mama mzee alitikisa kichwa. "Iko mtu," alisema kwa Kiswahili.

"Wangapi, yeyo?"

"Iko mtu," alirudia, na akarudi kwenye ushanga wake.

Nilimuuliza Ndolo kama kina mama wanakuja kweli. Alisema miezi mingine nyumba inajaa, miezi mingine anakaa mmoja, na hajui tofauti inatoka wapi. Elphas anasema ni ukame. Nolari anasema ni wakwe wanaowazuia. Alinyoosha shingo akachungulia, na mimi nikachungulia nyuma yake. Tuliona ukuta uliokuwa umepakwa kwa mikono, alama za vidole zikiwa bado juu yake, ukizunguka kuingia gizani. Ndani mtu alikohoa, kisha akanyamaza.

"Unaona kitu?" aliniuliza.

"Hapana."

"Mimi pia sioni," alisema. Alisimama hapo kidogo zaidi, akaikunja futi yake, akaitia mfukoni.